Mteremko Uko Upande Gani

Nyumba yetu ina uvungu kama kitanda. Aliyeijenga aliiinua juu ya nguzo fupi za matofali kwa sababu kiwanja kiko ubavuni mwa kilima. Akatandika sakafu ya mbao, akazungusha ukuta chini, akaacha kimlango karibu na jikoni ambacho mtu mzima hapiti ila kwa tumbo. Tulipohamia nilikipenda sana kile kimlango, nikasema tutaweka masanduku. Siku hizi nikikiona natamani kukipiga teke. Nimeshakipiga, nikaumia kidole gumba.

Maji yanaingia humo. Mvua ikinyesha kule juu, yanajipenyeza ardhini mpaka kwenye ukuta wetu wa nyuma, yanapita chini yake bila kubisha hodi, yanatuama chini ya vyumba. Baada ya hapo mbao zinavuta unyevu, ukungu mweusi unapanda nyuma ya makabati, na shuka ulizofua jana zinanuka kama tambara la kudekia. Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kifua cha mwanangu.

Tunamwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na ingawa sasa anasoma na kuandika na kubishana, jina halikumtoka. Ana pumu. Daktari alisema waziwazi kwamba mtoto huyu asilale juu ya unyevu. Basi Nukta akahamia kwa shangazi yake, dada mkubwa wa mume wangu, ng'ambo ya mji, kwenye ghorofa ambayo jua linaingia asubuhi na halitoki mpaka limechoka. Tulisema ni kwa muda tu, mpaka uvungu ukauke. Msimu mzima wa mvua ukapita, na mwingine ukawa unakaribia.

Wifi yangu hana baya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mkorofi ningepata pa kushika. Anamsuka Nukta vizuri kuliko mimi. Anampeleka mpaka shule yake ya zamani, mwendo wote ule, na hajawahi kulalamika. Yeye hakujaliwa mtoto. Kila Jumamosi anatuletea Nukta ashinde nasi, na jioni anachukua mkoba wake na kusema, "Haya mwanangu, twende tukajiandae." Shangazi ana haki ya kusema mwanangu, najua, tena ni neno la upendo. Nikilisikia nakaza meno.

Jumamosi moja Nukta alikaa mezani kuchora, akafungua begi lake, akasema, "Mama, rangi zangu nimezisahau nyumbani."

Nikainuka, nikaenda chumbani kwake, nikapekua droo, nikainama chini ya kitanda. Nikarudi nikamwambia sizioni.

"Siyo hapa, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Nyumbani."

Nilienda jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jioni ileile, akiwa mlangoni, wifi aliniambia kwa upole kwamba ameulizia nafasi kwenye shule iliyo karibu naye. "Siyo lazima, wifi. Ni ile safari tu inamchosha mtoto. Muhula ukifunguliwa bado hamjamaliza mambo ya maji, tumhamishie pale. Ukiwa tayari, atarudi."

Nikamwambia ahsante wifi. Nilijua kabisa kwamba mtoto akihamishwa shule, akapata rafiki wa kukaa naye dawati moja, hatarudi. Atakuwa anakuja kutusalimu. Nilikuwa na muda mpaka muhula ufunguliwe tu, na mvua zilikuwa njiani.

Hapo lazima niseme habari za mimi na mume wangu. Yeye ni fundi saa. Mimi nafanya kazi duka la miwani, nawakalisha watu kitini, nabadilisha kioo kimoja baada ya kingine nikiwauliza, "Hiki au hiki? Hiki au hiki?" Mtu akichelewa kujibu ninaanza kupiga mguu chini. Mume wangu anaweza kuitazama saa iliyosimama asubuhi nzima kabla hajaigusa. Sote wawili ni watu wa vitu vidogo, vya mezani na vya kushikwa kwa ncha za vidole. Matope hatuyajui.

Nukta alipokuwa bado anaishi nasi, kila alipokohoa tuligombana. Nilisema tuvunje sakafu leo hii. Yeye alisema tusubiri tuone maji yanatokea wapi. Nilimwita goigoi, yeye akaniita king'ora. Siku ya kuondoka, Nukta akiwa ameshafunga mkanda kwenye gari la shangazi yake, aliteremsha kioo akatuambia, "Mkigombana, msigombane kuhusu mimi."

Tulirudi ndani tukakaa kwenye kitanda chake. Tuliapa palepale kwamba hatutagombana tena. Na kwa kweli tulishika kiapo mpaka nyumba ikawa kama ofisi ya serikali. "Unapendelea nini, mke wangu?" "Chochote unachopenda wewe." "Hapana, chagua wewe." "La, upendavyo." Tulikula viazi wiki nzima kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema amevichoka.

Basi baada ya maneno ya wifi, nilimwambia mume wangu tuchague njia ya kuondoa maji, na tuchague sasa. Alikuwa ameshasoma na kuulizia, ametengeneza michoro kwa kalamu yake nyembamba ya kuandikia tarakimu za saa. Akaitandaza mezani.

"Kuna njia ya kuchimba shimo humo uvunguni," alisema, "maji yajikusanye, pampu iyatoe. Lakini umeme ukikatika, na pampu inalala. Kuna ya kufunika udongo wote kwa nailoni nzito, unyevu usipande. Hiyo ni nzuri, ila haizuii maji yanayokuja, inayafunika tu. Na kuna hii." Akagusa mchoro wa tatu. "Tunachimba mfereji nyuma ya nyumba, kina kizidi msingi. Tunalaza bomba lenye matundu, tunalizungushia kitambaa cha kuchuja ili udongo usilizibe, tunajaza kokoto. Maji ya kilima yakija yanaingia kwenye bomba kabla hayajafika ukutani, yanateremka, yanatokea pembeni."

"Na nailoni tunatandika vilevile?"

"Ukipenda."

"Na tundu za hewa ukutani tuzizibe?" Nilitaka zizibwe. Niliona ndiko mvua inakoingilia.

Alitazama kalamu yake. Nilijua anataka kusema hapana, kwamba bila hewa mbao zitaoza. Niliona lile hapana limefika kooni. "Ukipenda," alisema.

Kwa bahati nzuri sikupenda, maana niliona uso wake. Nikasema tuziache. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, kila mtu akimsoma mwenzake usoni kama anasoma herufi za mwisho kwenye ule ubao wangu wa dukani, na nusu ya herufi tunazikisia.

Fundi tuliyempata anajulikana mtaa mzima kwa jina la Sawasawa. Alikuja na msaidizi wake, mwanamume mnene asiyesema, wakiwa na sururu, machepe na toroli inayolia. Sawasawa hana neno jingine la kujibu. Ukimwambia chimba hapa, sawa. Ukimwambia usichimbe hapa, sawasawa. Ni mtu mwema, mchapakazi, na angekubali kuchimba mfereji kwenye paa kama ungemwomba kwa adabu.

Alisimama nyuma ya nyumba na kamba mkononi, akauliza, "Sasa maji yatokee upande gani? Mteremko uko wapi?"

"Jikoni," nilisema.

"Chumbani kwa Nukta," alisema mume wangu.

Tulisema kwa pamoja na kila mtu alikuwa amenyoosha mkono upande wake. Kwa macho ya kawaida kiwanja chetu hakisemi ukweli. Uzio umeinama huku, kilima kimeinama kule, na dimbwi linatokea popote linapotaka. Mimi niliona jikoni ndiko chini kwa sababu kuna mtaro wa zamani unaoelekea barabarani. Yeye aliona chumbani kwa sababu huko ndiko ukungu ulikozidi. Tulitazamana, tukakumbuka kiapo, tukashusha mikono.

"Basi chumbani," nilisema.

"Hapana, mama Nukta yuko sawa. Jikoni."

"La, chumbani, wewe ndiye uliyechora."

"Jikoni, tafadhali."

Sawasawa aliitazama kamba yake. "Mtaniambia," alisema.

Tukalala bila kuamua. Asubuhi mume wangu alitangulia kazini. Mafundi walipofika nilimfuata Sawasawa nje, nikamwambia kwa sauti ya chini kama ninayempa siri ya familia, "Fuata maneno ya mume wangu. Anzia jikoni, mteremko uelekee chumbani, maji yatokee kule." Nilijisikia mke mwema. Nilienda dukani nikimwemwesa peke yangu, na siku hiyo niliwasubiri hata wale wasiojua kama wanaona A au H.

Tuliporudi jioni mfereji ulikuwa umeshafukiwa. Bomba chini, kokoto juu, udongo umesawazishwa. Ndani ya uvungu nailoni imetandikwa nguzo kwa nguzo. Sawasawa alinawa mikono kwenye bomba la nje, akasema kazi imekamilika, akaondoka na toroli yake inayolia. Mume wangu alinitazama, akatabasamu tabasamu la mtu aliyefanya hisani ya siri. Mimi nilimtazama hivyohivyo. Tulikuwa wajinga wawili wenye furaha.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, nzito. Nilikuwa nimekwisha mpigia wifi kumwambia tumemaliza, asihangaike na mambo ya shule. Mvua ilipokatika nilitembea ndani ya nyumba nikishindwa kukaa. Nilivua viatu nikakanyaga mbao moja moja, sebuleni, ukumbini, chumbani kwetu. Kavu. Nikaingia chumbani kwa Nukta, na hata kabla sijapiga hatua nilisikia chini yangu ile sauti. Siyo mtiririko, ni kile kimya kinachogugumia cha maji mengi yaliyokaa pamoja.

Nilijilaza kifudifudi kwenye kimlango na tochi. Chini ya chumba cha mwanangu nailoni ilikuwa imevimba na kuelea. Hatujawahi kupata maji mengi kiasi kile. Tulikuwa tumeyakusanya kila yalikokuwa, tukamletea yeye.

Nilikaa palepale kwenye matope nikalia kwa hasira. Halafu nikampigia wifi tena, nikamwambia lile nililosema juu ya shule asilifuate sana kwanza. "Usijali, wifi," akasema. "Mtoto yuko salama." Niliitupa simu kwenye ndoo ya pegi za nguo.

Sawasawa aliitwa asubuhi iliyofuata, ikiwa Jumamosi. Alifukua hapa na pale, akajikuna shingo. Mfereji ulianza juujuu upande wa jikoni ukaenda ukizama. Ulianza juujuu pia kwenye pembe ya mbali ya chumbani ukaja ukizama. Pande zote mbili ziliteremka kuelekeana, zikakutana kwenye sehemu ya chini kabisa, ambayo ni nyuma ya ukuta wa Nukta.

"Hii ni nini?" nilimuuliza. "Fundi, hii ni nini?"

"Ni kama mlivyosema."

"Nani alisema?"

"Wewe mama ulisema asubuhi, tuanzie jikoni tuteremke kwenda chumbani. Nikasema sawa, tukachimba mpaka usawa wa ukuta wa chumba cha mtoto. Saa ya chakula baba akapita." Alimwelekeza mume wangu kwa kidevu. "Akasema nifuate maneno ya mke wake, nianzie chumbani niteremke kwenda jikoni. Nikasema sawa. Tukaanza na upande ule."

"Na uliochimba kwanza hukuurekebisha?"

"Hakuna aliyeniambia niurekebishe."

Yule msaidizi mnene aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Nilimgeukia mume wangu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ulimwambia afuate maneno yangu?"

"Na wewe ulimwambia afuate yangu?"

"Nilikuwa nakuheshimu!"

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

Hatukuwa tumepandisha sauti tangu Nukta aondoke. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua, ilivyotoka na kutu. Sawasawa alisema labda watuache kidogo. "Hakuna kuondoka!" tulimwambia wote wawili, na hilo likawa jambo la kwanza kukubaliana kwa dhati katika miezi yote ile.

"Mpira unao?" mume wangu alimuuliza. Alimaanisha ule mpira mrefu mwangavu ambao mafundi wanaujaza maji kupimia. Unashika ncha moja, mwenzako anashika nyingine mbali, na maji yakitulia yanasimama usawa mmoja pande zote, hata mkiwa hamuonani. Ukipima kutoka kwenye maji hadi ardhini unajua nani yuko chini. Sawasawa alikuwa nao kwenye toroli tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia autumie.

"Nipe," nilisema. "Tunapima wenyewe. Leo mteremko utajulikana."

Nje udongo ulikuwa umevurugwa na kufukuliwa, haufai kupimia. Kwa hiyo tuliingia uvunguni, mimi na mume wangu, kwa matumbo, na rula zake mbili za chuma za kwenye meza ya saa. Mimi nilielekea pembe ya jikoni, yeye pembe ya chumbani, na mpira ukiburuzwa katikati yetu kwenye nguzo. Kulikuwa na giza na harufu ya udongo mbichi. Mbao za sakafu zilinigusa kisogo. Sikumuona kabisa, nilisikia tu akihema.

"Umeshika?" nilipiga kelele.

"Nimeshika!"

"Toa kidole! Umeziba mpira, maji hayashuki!"

"Sijaziba, wewe ndiye unatikisa! Tulia!"

"Nimetulia!"

"Hujawahi kutulia tangu nikujue!"

"Na wewe hujawahi kufanya kingine! Maji yameingia miaka yote unayatazama!"

"Nilikuwa nataka kujua yanatoka wapi, ili tusifanye upuuzi kama huu!"

"Upuuzi huu tumeufanya kwa adabu! Kwa nini hukuniambia mbele yangu kwamba umeona nina haki? Kwa nini uliniacha nijirudi?"

"Tuliapa tusigombane!"

"Tuliapa tusigombane, hatukuapa tuwe mabubu!"

Maji yalikuwa yakicheza ndani ya mpira wangu, juu, chini, juu. Nikasikia sauti yangu inavunjika na sikuizuia. "Namtaka mwanangu," nilisema. "Namtaka arudi. Anaita kule nyumbani, umesikia? Kule ndiko nyumbani."

"Nilisikia," alisema kutoka gizani. "Nilikuwa sebuleni, nilisikia. Unadhani mimi simtaki? Ninalala chumbani kwake ukiwa dukani. Najilaza tu pale, nanusa kama pamekauka."

Nilikuwa sijui. Nililaza shavu kwenye mkono wangu. Nilitaka kutambaa mpaka kwake ila nguzo zilikuwa katikati na mpira ungemwagika.

Hapo ndipo tuliposikia kishindo juu yetu. Mguu mdogo ulipiga sakafu, mara ya kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu.

"Mama! Baba! Mnagombana?"

Ilikuwa Jumamosi, nimeshasema. Wifi alikuwa ameleta mtoto mapema, akatukuta hatupo, mlango wazi, na sauti zetu zikitoka chini ya nyumba. Nilimuwaza mwanangu amesimama pale, amekuja kututembelea, na sisi tumevunja lile moja alilotuomba.

"Ndiyo," alijibu mume wangu kabla sijatunga uongo. "Tunagombana kuhusu mteremko!"

Nukta akauliza, "Nani anashinda?"

"Bado tunapima!" nilisema.

"Mnaongea sasa?"

"Tunaongea, mwanangu!"

"Basi endeleeni," alisema. "Shangazi, njoo usikilize, wanaongea!" Na nikasikia akikaa chini, akilaza mwili wake wote kwenye mbao, sikio bila shaka likiwa juu ya kichwa changu. Miezi yote ile nilikuwa nadhani kinachomtisha ni kelele zetu. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anakaa katikati ya watu wawili wanaoambiana tafadhali, na kurudi kwa shangazi ambako watu wanacheka na kugombania rimoti.

Tulitulia. Maji yakasimama. Alisoma rula yake, nami nikasoma yangu, tukaambiana kwa sauti kubwa. Upande wa jikoni ulikuwa chini, kwa kiasi cha upana wa kiganja.

"Jikoni!" mume wangu alipaza sauti juu. "Mama yako ameshinda!"

"Na tundu za hewa nilitaka kuziba, baba yako hakutaka!" nilisema. "Ona mbao za karibu na tundu, ndizo pekee ambazo hazijaoza!"

"Kwa hiyo sare," alisema Nukta.

Sawasawa alifukua yote. Safari hii tulisimama juu yake wote wawili, tukibishana kila hatua, na kila aliposema sawa tulimuuliza, "Sawa ipi?" Kamba ilifungwa kutoka chumbani hadi jikoni ikishuka mfululizo, bomba likalazwa juu ya kokoto, kitambaa kikazungushwa, mdomo wa bomba ukatolewa kwenye ule mtaro wa zamani. Mbao zilizooza zilibadilishwa. Tulikwangua ukungu, tukaacha madirisha wazi, tukapaka rangi. Mume wangu aliniita king'ora mara kadhaa na nilimwita goigoi, na viazi tuliviacha. Uvungu ulikauka pole pole. Lakini jua lilikuwa linawaka siku zote hizo, na uvungu wa nani haukauki kwenye jua? Nilikuwa nayatazama mawingu kama mtu anayedai jibu. Muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu.

Mvua ilinyesha Jumamosi ya mwisho. Ilianza wakati tunakula, wifi na Nukta wakiwa mezani nasi, ikapiga paa mpaka tukashindwa kusikilizana. Hakuna aliyemaliza sahani yake. Ilipopungua nilichukua mwavuli, mume wangu akanifuata, tukainama kwenye mdomo wa bomba upande wa jikoni.

Hapakuwa na kitu. Mdomo mkavu wa plastiki, na buibui.

"Subiri," alisema.

"Usiniambie nisubiri."

"Subiri, yana njia ndefu."

Nilishika mkono wake nikaubana mpaka akaguna. Kisha buibui akatoka, akapanda haraka juu ya bomba. Nyuma yake likatokea tone, likafuata jingine, halafu maji membamba, ya rangi ya chai, halafu yakaja kwa nguvu yakimiminika mtaroni kuelekea barabarani. Nilimpiga mume wangu ngumi ya bega. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Niliingia kwenye kimlango na tochi bila kujali gauni. Nilitambaa mpaka chini ya chumba cha Nukta, nikapapasa nailoni kwa kiganja, huku na huku, mpaka ukutani. Vumbi.

Kishindo juu. "Mama! Kuna maji?"

"Hakuna!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Nilipotoka, na nywele zimejaa tando, wifi alikuwa amesimama ukumbini. Mkoba wake ulikuwa begani. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Alinitazama, akaitazama sakafu, na nilijua anajua. Nilikuwa nimeingoja siku hii nikidhani nitaona raha mbele yake. Sikuiona. Alikuwa mwanamke aliyekuwa anarudi peke yake kwenye nyumba yenye jua.

"Haya," alisema, na akasita pale ambapo kila mara husema mwanangu. "Nukta. Unakuja, au?"

Nukta alikuwa bado amekaa sakafuni mlangoni mwa chumba chake. Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa anamwaga maji sakafuni kutoka kwenye suruali yake, na ambaye niliona natamani kumwambia asimame juu ya zulia. Nikamwambia. Akanijibu kwamba zulia nalo litalowa. Tukaanza.

Nukta alisimama, akaenda kwa shangazi yake, akamkumbatia kiunoni na kulaza kichwa pale kwa muda mrefu.

"Shangazi," alisema, "kesho uniletee viatu vyangu vya shule. Viko chini ya kitanda changu cha huko."

Wifi alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nitavileta," alisema. "Nitavipiga rangi kwanza."

Kisha akafungua mwavuli wake akiwa bado ndani ya nyumba, akahangaika nao mlangoni, na mume wangu akaenda kumsaidia kuupitisha.